Wanaochoma kompyuta chakavu wanachoma pesa yao

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na vijana wanaonunua kompyuta mbovu maofisini na mitaani, wakazibomoa na kuuza vipande kwa kilo. Kazi hiyo ni halali na jiji la Dar es Salaam linaihitaji. Tatizo ni namna inavyofanywa katika yadi nyingi za vyuma chakavu: nyundo, moto, na siku hizi tindikali. Moshi wake tunaulalamikia sote, lakini lisilosemwa ni kwamba njia hizo zinampunja mbomoaji mwenyewe. Pesa ya kompyuta chakavu iko kwenye kutenganisha. Anayepeleka kasha zima mizanini analipwa bei ya chuma kwa vitu ambavyo si chuma.

Chukua kompyuta ya mezani ya ofisini, ile ya kusimama, yenye uzito wa kilo 10 hivi bila monita. Kilo 5 hadi 6 ni kasha la chuma. Pawasaplai, yaani kasha la kugawa umeme, ni kilo 1 na robo hadi 1 na nusu. Draivu ya sidii ni gramu 700 hadi 900, hadidiski inayotunza mafaili gramu 500 hadi 700, mazabodi (bodi kuu) iliyovuliwa kila kitu gramu 500 hadi 800, kipozaji cha alumini kinachokaa juu ya prosesa (chipu kuu) gramu 300 hadi 500, na nyaya za ndani gramu 200 au 300. Plastiki ya mbele inakaribia nusu kilo. Ramu mbili, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, hazifiki gramu 50, na prosesa ni gramu 20 hadi 40. Vile vyepesi kabisa ndivyo vyenye bei. Katika soko la dunia kilo ya shaba safi inazidi mara 20 bei ya kilo ya chuma chakavu, na kilo ya ramu zenye vidole vya dhahabu (meno ya kuchomekea yaliyopakwa dhahabu) hununuliwa juu ya shaba.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha mbomoaji kiwe mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu. Mizani ya kuning'inia ya kilo 100 haioni ramu wala prosesa, na mwenye yadi anajua hivyo. Pima mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani, andika kwenye daftari, ndipo uende kuuza.

Kabla ya kushika bisibisi, jaribu. Ramu ya DDR3 au DDR4 inayofanya kazi, hadidiski nzima ya SATA, pawasaplai yenye afya, hata waya wa umeme wa pini tatu, vyote vina mnunuzi kama spea, na bei ya spea iko mbali sana na bei ya kilo. Kompyuta iliyoandikwa "mbovu" kwenye hati ya ofisi mara nyingi imekufa kitu kimoja tu: pawasaplai, au kapasita (vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji) zilizovimba vichwa karibu na prosesa. Kuivunja bila kuijaribu ni kutupa pesa.

Lakini hadidiski isiuzwe nzima kabla ya kusafishwa. Kufuta mafaili, hata kufomati kwa haraka, hakuondoi taarifa. Kunaondoa orodha tu ya mahali zilipo. Diski inayofanya kazi ipitishiwe programu inayoandika sifuri juu ya eneo lote, na mara moja inatosha. Iliyokufa itobolewe kwa drili hadi sahani za ndani zipitwe. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina sahani, kwa hiyo tundu moja katikati halisaidii: kila chipu itobolewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haimwondolei mwajiri wajibu kwa sababu tu kompyuta imeuzwa mnadani. Mbomoaji anayeweza kuonyesha kwamba anaharibu diski mbele ya mteja atapewa kompyuta ambazo wengine hawapewi.

Kufungua kwenyewe si kazi ngumu. Bisibisi ya nyota namba 2 inamaliza karibu kasha lote. Hadidiski inataka bisibisi ya Torx T8, yenye ncha sita, na nyingine T6 au T9. Chomoa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki kwenye bodi iishe. Toa ramu, toa nyaya, fungua skrubu 4 za nyuma zinazoshika pawasaplai, kisha draivu. Kipozaji cha prosesa kizungushwe kushoto na kulia kwanza ndipo kivutwe, kwa sababu gundi yake ya kupitisha joto ikikauka hung'ang'ania, na prosesa yenye pini inaweza kung'oka pamoja nacho pini zikapinda. Mazabodi hushikwa na skrubu 6 hadi 9. Ukiisahau moja ukaichokonoa kwa bisibisi bapa, bodi inapasuka. Betri ndogo ya sarafu, CR2032, itolewe kwa kusukuma kishikizo chake, na iwekwe peke yake.

Sasa kwenye bodi ndipo watu wengi wanapopunjwa. Bodi za kijani, yaani mazabodi na zile za hadidiski, na bodi za kahawia za ndani ya pawasaplai na monita za zamani ni madaraja mawili tofauti kabisa. Za kahawia zina shaba upande mmoja tu na dhahabu karibu hakuna. Ukizichanganya katika kiroba kimoja, mnunuzi atakulipa kiroba chote kwa bei ya kahawia. Kwenye bodi ya kijani ondoa vipozaji vya alumini, vibati vya chuma na betri, basi. Usiguse chipu, usikate sloti, usipashe moto ili vitu vidondoke. Bodi iliyonyofolewa inashuka daraja, kwa kuwa mnunuzi wa mwisho analipia kilicho ndani ya chipu. Na lehemu ya bodi zilizotengenezwa kabla Ulaya haijapiga marufuku madini ya risasi kwenye vifaa vya umeme, Julai 2006, ina risasi asilimia 37 hadi 40. Anayeiyeyusha kwenye karai anaivuta. Ramu nazo ziuzwe nzima. Anayekata vidole vya dhahabu anapata gramu chache za bei nzuri na kubaki na rundo la ramu ambalo mnunuzi hulipa kwa bei ya bodi ya kawaida.

Hadidiski ya inchi 3.5 inastahili dakika zake. Fungua skrubu zote za kifuniko, na kama hakifunguki usikivunje: ipo skrubu moja iliyofichwa chini ya lebo, karibu na katikati. Bodi ndogo ya kijani ya mgongoni itoke kwanza. Ndani kuna sahani zinazong'aa, mkono wa kusomea, na sumaku mbili zenye nguvu kubwa zilizogundishwa kwenye vibati vya chuma. Sumaku hizo zikirukiana kidole kikiwa katikati, ngozi inakatika. Kasha lenyewe ni alumini, ila litalipwa bei ya alumini safi pale tu mota ya katikati na skrubu za chuma zitakapokuwa zimetoka. Sumaku ya kawaida mfukoni ndiyo mwamuzi: kinachoshika si alumini. Hadidiski za laptopu zishughulikiwe tofauti, maana nyingi zina sahani za kioo zinazopasuka vipande vidogo mithili ya sindano, na drili au nyundo bila miwani ya kinga ni kuhatarisha macho.

Pawasaplai ndiyo inayorusha watu. Kapasita zake kubwa hubeba umeme wa volti 310 hadi 400 hivi, na ingawa ndani huwekwa rezista za kuumaliza, katika pawasaplai mbovu rezista hizo huenda ndizo zilizokufa. Usiziunganishe ncha kwa bisibisi; cheche huyeyusha chuma na kapasita inaweza kupasuka usoni. Chukua balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, kwenye holda yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri, gusisha ncha za kapasita sekunde chache, kisha hakikisha kwa mita ya kupimia volti. Nyaya zake za rangi zikatwe karibu na kasha na ziende kwenye rundo la nyaya. Transfoma zake ndogo ziuzwe nzima, kwa kuwa shaba iliyomo hailipi muda wa kuifungua.

Tuje kwenye moto. Waya wa umeme wa kompyuta una nyaya 3 ndani, kila mmoja una shaba ya milimita za mraba 0.75. Mita 1 inatoa gramu 20 za shaba, kwa hiyo waya wa mita 1 na nusu unatoa gramu 30, na zinahitajika 33 kupata kilo. Anayezichoma anadhani ameokoa muda. Kumbe nyuzi hizo, na zaidi zile za nyaya za ndani zenye unene wa milimita 0.2 hivi, huungua zenyewe: shaba inageuka unga mweusi unaopukutika mkononi, uzito unapungua, na kilichobaki kinanunuliwa kama shaba iliyoungua, daraja la chini. Kumenya kunahitaji kipande cha ubao, misumari miwili ya kuongoza waya, na kisu cha karatasi kilichokazwa kwa skrubu kikiwa kimelala kidogo. Vuta waya, gamba la nje linapasuka urefu wote. Nyaya nyembamba kama za USB, za data na za monita hazistahili kumenywa. Ziuze na gamba lake, zina bei yake.

Hapo kwenye nyaya kuna mtego mwingine. Nyingi za bei rahisi siku hizi ni alumini au chuma kilichopakwa shaba juu. Kwangua kwa kisu: ndani ikitokea nyeupe, si shaba. Mkono mmoja wa nyaya hizo ukiingia katika kiroba cha shaba safi, mnunuzi akaugundua, kiroba kizima kinashushwa bei.

Na moshi wenyewe si wa kawaida. Gamba la waya ni PVC, ambayo ina klorini, na shaba inapokuwa katikati ya moto huo inachochea kutengenezwa kwa sumu za dioksini. Agbogbloshie, mjini Accra, Ghana, ambako nyaya zilichomwa kwa miaka mingi hadi eneo lilipovunjwa Julai 2021, uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulipima mayai ya kuku wa kienyeji. Yai moja lilimpa mtu mzima dioksini mara 220 ya kiwango cha siku kinachovumiliwa Ulaya. Kuku wanaodonoa pembeni mwa yadi zetu wanakula udongo wa aina hiyohiyo.

Tindikali ya kutolea dhahabu nayo imeingia kwa sababu ya hesabu nusu inayosambazwa. Ni kweli kwamba tani ya bodi za kompyuta ina dhahabu wastani wa gramu 200 hivi, wakati mwamba wa mgodi mkubwa kama wa Geita una gramu chache tu kwa tani. Lakini tani ni mazabodi zaidi ya 1,500. Mazabodi moja inabeba kama gramu 0.1, na sehemu kubwa yake imo ndani ya chipu nyeusi kama nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambako tindikali ya beseni haifiki. Utafiti uliofanyika Bangalore, India, ulionyesha kwamba wasafishaji wa uani walipata kama robo tu ya dhahabu iliyokuwemo. Viwanda vikubwa, kama cha Hoboken karibu na Antwerp nchini Ubelgiji au Rönnskär nchini Sweden, hutoa zaidi ya asilimia 90, na pamoja nayo madini ya fedha, paladi (madini mengine ya thamani) na shaba. Shaba pekee ni sehemu ya tano hivi ya uzito wa bodi. Mwenye beseni anaimwaga hiyo yote mtaroni ikiwa maji ya kijani na buluu.

Kisha kuna mapafu. Tindikali ya nitriki ikikutana na shaba inatoa hewa ya rangi ya kahawia. Mtu anaivuta, anakohoa kidogo, anaona imepita, anakwenda kulala. Saa kadhaa baadaye mapafu yanajaa maji. Aliyeivuta apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anajisikia vizuri, na daktari aambiwe ni hewa gani. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote hapo.

Vipo pia vitu ambavyo havina bei na ndivyo vyenye madhara makubwa. Monita za kichogo ni mfano wa kwanza. Watu wanavunja shingo ya kioo ili wapate koili ya shaba, wakati koili hiyo inatoka kwa kulegeza skrubu moja ya klampu na kuitelezesha nyuma. Ndani ya kioo hakuna hewa, hivyo kikipasuka vipande vinaruka. Na waya wa kikombe cha raba ulio juu unaweza kuwa bado umebeba maelfu ya volti, kwani monita ya rangi hufanya kazi kwa volti 25,000 hivi. Kioo chenyewe kina risasi kuanzia nusu kilo hadi zaidi ya kilo 2 kulingana na ukubwa. Kiachwe kizima.

Monita bapa za kabla ya mwaka 2010 hivi nyingi zina taa za mirija myembamba yenye zebaki, miligramu chache katika kila mrija. Utazijua kwa bodi ndogo ya ziada yenye nyaya za plagi za rangi mbili zinazoingia pembeni mwa kioo. Usizifungue kwa ajili ya kibati cha alumini kilicho nyuma. Betri za laptopu zisitobolewe, zisipigwe jua, ncha zake zifunikwe kwa selotepu, na zilizovimba zikae kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu mbali na nyumba.

Betri za UPS, kile kifaa cha umeme wa akiba, zile za volti 12 zenye uzito wa kilo 2 na zaidi, zina soko zikiwa nzima. Anayezipasua na kuyeyusha risasi nyumbani anapeleka sumu kwenye damu ya watoto wake, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi pembeni mwa kiwanda kilichoyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo baada ya rufaa kuipindua. Fedha hizo hazitoi risasi mwilini.

Mhariri, tunajua watasema kijana wa mtaani hana pa kupeleka bodi zake isipokuwa kwa mwenye yadi. Ni kweli, na ndiyo maana tunaandika. Tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa usafirishaji wa taka, unataka ridhaa ya nchi inayopokea kabla taka zozote za kielektroniki hazijavuka mpaka, hata zisizo hatarishi. Bodi kutoka Dar hadi Ubelgiji zinahitaji makaratasi ambayo mtu mwenye viroba 3 hawezi kuyabeba. Anayeweza ni mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Basi vijana wauze kwa mkusanyaji kwa vikundi, wakiwa wametenganisha bodi na kuweka risiti za walikonunua kompyuta zenye namba za mashine, maana polisi wakikuta shaba isiyo na hati wana haki ya kuuliza.

Kwa wenye mamlaka tuna maombi machache. NEMC iwape vikundi vidogo vya wabomoaji kibali cha kukusanya chenye ada na masharti wanayoyaweza. Halmashauri zihesabu mizani, zana, miwani na glavu kuwa mradi unaokubalika katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao wanayokopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ifundishe kazi hii kwa kozi fupi. Mtu anayejua kutumia bisibisi hahitaji wiki nyingi. Wakala wa Vipimo wapite kwenye yadi, na kila yadi ibandike ukutani bei ya siku kwa madaraja yote, si "kompyuta" kwa kilo.

La mwisho linahusu minada ya ofisi za umma. Monita za kichogo na betri huuzwa pamoja na makasha katika fungu moja, mnunuzi anachukua vyenye bei, na vioo vinaishia bondeni Msimbazi. Masharti ya mnada yaandikwe hivi: sehemu ya fedha ya mauzo itengwe kumlipa mwenye kibali avichukue vioo, taa na betri, na mnunuzi alete stakabadhi ya kuvikabidhi kabla ya kurudishiwa dhamana yake.

Ni sisi mafundi wa kompyuta na wabomoaji wa vifaa chakavu,
Ilala, Dar es Salaam